Video za harusi na za familia kwenye TV bila kula bando: seva ya nyumbani kwa laptopu ya zamani

Kama una laptopu imekaa tu kabatini sababu kioo kimepasuka, usiiuze kwa bei ya kutupa, hiyo ni seva tayari, yaani mashine inayotunza video na kuzituma kwenye simu na TV. Ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika haizimi ghafla, halafu haili umeme mwingi kama desktopu. RAM ya GB 4 inatosha, na nitaeleza kwa nini inatosha maana hapo ndipo wengi wanakwama.

Programu ninayoitumia kuzituma video ni Jellyfin, bure kabisa, ilianza Desemba 2018 pale Emby, programu ya aina hiyo hiyo, walipofunga msimbo wao na watu wakaamua kuendeleza toleo lililokuwa wazi. Weka Debian au Ubuntu Server (mifumo ya Linux) isiyo na desktopu, yaani bila madirisha, unaandika amri tu, washa SSH (njia ya kuiamuru mashine ukiwa mbali nayo) wakati wa kuinstoli, chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya kama unaweza, halafu kazi yote iliyobaki unafanya kutoka kompyuta nyingine au hata simu yenye Termux (app ya kuandika amri). Amri ni hii:

curl -s https://repo.jellyfin.org/install-debuntu.sh | sudo bash

Ikimaliza angalia kama iko hewani kwa `systemctl status jellyfin`, tafuta anwani ya laptopu kwa `hostname -I`, halafu kwenye simu iliyo WiFi hiyo hiyo fungua brauza uandike anwani hiyo ikifuatiwa na :8096, mfano 192.168.1.20:8096. Ingia pia kwenye ruta uifunge hiyo anwani isibadilike, la sivyo siku ruta ikizima na kuwaka watoto wanakuja kukuambia katuni zimepotea. Na ili uweze kufunika laptopu isilale, fungua `/etc/systemd/logind.conf` kwa nano, weka `HandleLidSwitch=ignore`, ondoa alama ya reli (#) iliyo mbele yake, kisha riboti.

Sasa diski. Ukichomeka eksteno kwenye desktopu ya kawaida inajifungua yenyewe chini ya /media/ na jina lako, na hiyo folda ni yako wewe peke yako, wakati Jellyfin inaendeshwa na yuza wake anayeitwa jellyfin ambaye haruhusiwi kuingia humo, ndo maana unaona maktaba tupu hata uskani mara ngapi. Ipe diski makazi yake ya kudumu: tengeneza folda kwa `sudo mkdir -p /srv/video`, chukua UUID (namba ya utambulisho) ya diski kwa `lsblk -f`, kisha ndani ya `/etc/fstab`, faili la diski za kufunguliwa mashine ikiwaka, ongeza mstari huu (kama diski imefomatiwa kwa ext4 ya Linux):

UUID=weka-yako-hapa /srv/video ext4 defaults,nofail 0 2

Hiyo nofail usiiache, maana bila hiyo siku diski imechomolewa mashine inagoma kuwaka vizuri na wewe huna kioo cha kuona inalia nini. Piga `sudo mount -a`, halafu pima kwa macho ya Jellyfin yenyewe:

sudo -u jellyfin ls /srv/video

Ukiona mafaili yako umemaliza, ukiona Permission denied rudi kwenye ruhusa za folda, `sudo chmod -R a+rX /srv/video` mara nyingi inatosha.

Tuje kwenye sababu ya laptopu dhaifu kutosha. Seva inaweza kufanya kazi ya aina mbili tofauti kabisa. Simu au TV ikilielewa faili, seva inalituma tu kama lilivyo, na hiyo kazi ni nyepesi mno. Isipolielewa, seva inalibadilisha papo hapo huku unatazama, feni inaunguruma, picha inaganda, na mtu analaumu WiFi. Kwa hiyo dawa ni kuyaandaa mafaili mapema: picha H.264, sauti AAC, ndani ya MP4, hivyo karibu kila kifaa kinacheza. Instoli ffmpeg, programu ya kubadilisha video, kwa `sudo apt install ffmpeg`, halafu faili lolote unalolitilia shaka lichungulie kwa `ffprobe -hide_banner faili.mkv`, soma mistari ya Stream tu.

Chukua video za kamera za zile zenye .MTS. Picha kwa kawaida ni H.264 safi ila sauti mara nyingi ni AC3, na brauza nyingi hazichezi hiyo, kwa hiyo picha usiiguse, badilisha sauti peke yake, haichukui muda:

ffmpeg -i harusi.MTS -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -movflags +faststart harusi.mp4

DVD za harusi ndo zina kazi, na hizi nakusihi uzishughulikie mapema maana zikishachunika hakuna wa kukurudishia. Ndani ya folda ya VIDEO_TS kuna vipande vya VOB, ile namba 0 ni menyu iache, vingine viunganishe:

cat VTS_01_[1-9].VOB | ffmpeg -i - -vf yadif -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac -b:a 192k harusi.mp4

Hiyo yadif inaondoa ile mistari mistari mtu akicheza muziki. Kwa mashine ya zamani hii inakula masaa, ianzishe ndani ya tmux usiku ukalale, hata SSH ikikatika inaendelea.

Ukifungua maktaba kwenye Jellyfin chagua aina ya video za nyumbani, usichague ya filamu, la sivyo itaenda mtandaoni kutafuta posta ya harusi ya shangazi yako. Kutazama ndani ya nyumba hakuli bando hata kidogo, data inazunguka kati ya ruta na TV tu, kifurushi kikiisha bado mnaangalia.

Ndugu walioko Muscat au Toronto nao watataka kuona. Usifungue port 8096 (ule mlango wa Jellyfin) kwenye ruta kwa dunia nzima, na laini nyingi za simu hata hazikuruhusu. Weka Tailscale, inayounganisha vifaa vilivyo mbali kwa faragha kana kwamba viko WiFi moja, kwenye seva na kwenye simu zao, `sudo tailscale up`, waalike, kila mmoja mpe yuza wake na nywila yake. Wao watatumia bando lako la kupakia, kwa hiyo kwenye mipangilio ya yuza zao weka kikomo cha kasi kulingana na laini yako, ila kumbuka ukiweka chini ya kasi ya faili lenyewe seva itaanza kulibadilisha, afadhali uwatengenezee nakala ndogo ya 480p mapema.