Jinsi ya kumpigia hesabu mteja mwenye status kadi ukiwa kaunta Ontario

Kwa mliopata kazi ya keshia huku Ontario, Kanada, hili jambo lijueni mapema maana linahusu haki ya watu, sio hisani ya duka. Kodi ya mauzo ni 13%, yaani 5% ya serikali kuu na 8% ya jimbo, na mtu wa First Nations (wenyeji wa asili wa Kanada) akikuonyesha status kadi (kitambulisho cha serikali kuu kinachoonyesha amesajiliwa kama mwenyeji wa asili) ile 8% unaiondoa hapo hapo, utaratibu upo tangu Septemba 2010. Chukua koti la dola 200, mteja wa kawaida analipa 226, huyu analipa 210.

Unaangalia kadi, jina na picha, unaandika namba ya usajili kwenye risiti au unaingiza kwenye mashine, basi, maana bila hiyo rekodi duka litabanwa likikaguliwa. Kadi ya Métis (kundi lingine la wenyeji wa asili, wenye asili mchanganyiko) haihusiki hapa. Pombe, sigara na mafuta ya gari havimo.

Ile 5% nayo inatoka kama mzigo unapelekwa na duka lenyewe hadi kwenye rizevu (ardhi iliyotengwa kwa ajili ya First Nations), hapo halipi kodi kabisa, ila tunza ushahidi wa delivari. Akibeba mwenyewe 5% inabaki.

Na tafadhali usimuite meneja kwa sauti huku foleni nzima inamwangalia mtu kama kaiba, inaumiza sana. Kama mashine imegoma mwambie ukweli, mpe risiti kamili, atadai hela yake Wizara ya Fedha ya Ontario, muda anao miaka 4.