Enema ya sabuni: ukali wake unatoka wapi na ufanyeje isikuumize

Swali ambalo watu wanauliza kwa aibu kuhusu enema, yaani maji yanayoingizwa kwa mpira njia ya haja kubwa ili choo kitoke, ni hili, je yale maumivu ya enema ya sabuni ni kawaida? Jibu langu ni kwamba tumbo kusokota ni kawaida, ila kuungua sio kawaida. Mimi nshawekewa ya sabuni na nshawekewa ya maji chumvi, tofauti naijua mwilini. Ya chumvi unasikia tumbo limejaa, haja inakuja polepole alafu inakaza. Ya sabuni inakuja kwa kishindo, tumbo linanyonga linaachia linanyonga tena, jasho linakutoka usoni, na hata ukishamaliza chooni unabaki na uchungu huko nyuma kwa masaa kadhaa.

Kinachotokea ndani ni hivi: maji yanatanua utumbo mpana, sabuni inauwasha ule utando wake wa ndani, na utumbo ukiwashwa unajikamua. Yaani nguvu ya sabuni ni muwasho, haina uhusiano na usafi. Unajua sabuni ikiingia jichoni inavyofanya, basi huko ndani nako ni laini. Ndo maana kuongeza sabuni hakusafishi zaidi, kunaongeza kidonda tu. Wapo watu utando umevimba wakaanza kuharisha ute na damu, saa zingine masaa mengi baadae wakati walishadhani yameisha, na wengine ikabidi walazwe.

Kwahiyo kabla hujafika kwenye sabuni, kama choo ni kigumu anza na mambo mepesi: maji ya kunywa, vyakula vyenye nyuzinyuzi, dawa ya kulainisha choo ya kunywa, au ile ya gliserini ya kuweka nyuma. Ikishindikana na mhudumu wa afya akakubali enema, muombe ya maji chumvi kwanza, gramu 9 za chumvi kwa lita moja, ipimwe sio kukadiriwa kwa mkono. Chumvi ya kipimo hicho inakaribia chumvi ya damu kwahiyo mwili hauinyonyi ovyo. Maji matupu mengi na ya kurudia rudia sio salama kama watu wanavyodhani, yanaingia mwilini yanapunguza sodiamu, yaani chumvi, kwenye damu, na kwa mtoto hilo ni hatari kubwa, mtoto usimfanyie nyumbani kabisa bila daktari.

Sasa kama umeandikiwa ya sabuni. Sabuni inayotumika ni moja tu, sabuni laini ya kastile ya maji, ile ya mafuta ya mimea isiyo na manukato wala rangi. Sabuni ya vyombo hapana, ya kufulia hapana, shampuu hapana, wala kile kipande cha kuogea usikikwangue ukakoroga, zile zina kemikali za kutoa grisi na hazikutengenezwa kuingia mwilini. Kipimo ambacho manesi wengi wanafundishwa ni kama ml 5 kwa lita moja, kijiko kimoja cha chai basi. Maji yakionekana meupe kama maziwa na povu limejaa juu, hiyo ni kali, mwaga uanze upya. Weka maji kwanza sabuni baadae, koroga taratibu.

Joto nalo linaongeza ukali na watu wanalisahau. Maji yawe vuguvugu, nyuzi 37 hadi 40, ukimwagia kwenye kifundo cha mkono usisikie moto wala baridi. Ya moto yanaunguza kweli, ya baridi yanafanya tumbo likaze.

Lala ubavu wa kushoto, goti la kulia ulikunje kuelekea tumboni, utumbo umepinda upande huo kwahiyo maji yanashuka vizuri. Toa hewa kwenye mpira kwanza, paka jeli ya kulainisha ncha, ingiza taratibu sentimita 7 hadi 10 kwa mtu mzima huku unavuta pumzi ndefu, ukikwama usisukume hata kidogo, utumbo unatoboka jamani. Mfuko wenye maji usipande zaidi ya sentimita 45 juu ya nyonga, mi naona 30 inatosha kabisa manake ukiuinua sana maji yanaingia kwa presha na hapo ndo maumivu yanaanza, na mtu analaumu sabuni. Tumbo likisokota bana mpira, pumua, subiri lipite, alafu achia tena kidogo. Sio lazima lita yote iingie, nusu lita mara nyingi inatosha. Kaa nayo dakika 5 mpaka 10 kama unaweza, ukishindwa nenda zako chooni usijitese, na uwe na mtu karibu kwasababu wengine wanapata kizunguzungu mpaka kuzimia.

Usifanye kabisa kama una maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo, damu kwenye choo, umetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo, una vidonda vya utumbo mpana, bawasiri iliyovimba, au shida ya moyo au figo. Mjamzito asijiwekee, na hata ile desturi ya kumpa kila mama enema kabla ya kujifungua haina faida.

Baada ya hapo ukiona damu, ute mwingi, homa, tumbo limekuwa gumu, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme wazi uliweka sabuni gani na kiasi gani, usifiche. Na kama unawekewa hospitali una haki ya kuuliza, nesi hii umechanganya ml ngapi, maji yamepoa? Ukisikia inaunguza mwambie aache palepale.