Farasi kwenye nyasi za Kikuyu: mpe kalsiamu

Nikiingia boma la farasi Limuru, Tigoni au Ngong, kabla sijainua kwato hata moja naupapasa uso wa mnyama kwa mikono miwili, kuanzia chini ya macho kushuka puani. Natafuta uvimbe mgumu wa mfupa, pande zote mbili. Mimi ni daktari wa mifugo, na ugonjwa huu wa mifupa, unaotokana na ukosefu wa kalsiamu, unaniuma kwa sababu unazuilika.

Nyasi za Kikuyu zina oksaleti, kemikali inayoikamata kalsiamu isifyonzwe. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyoivunja oksaleti mapema, ndiyo maana ananawiri hapo hapo anapodhoofika farasi. Farasi hufyonza kalsiamu kwenye utumbo mwembamba, kabla chakula hakijafikia vijidudu vyake. Akiikosa, mwili unaichota mifupani. Kwanza utaona kuchechemea kunakohama, leo mguu huu kesho ule, na kukonda ilhali malisho ni tele. Uso huvimba na meno hulegea baadaye. Usingoje hadi hapo. Nyasi za setaria na matete nazo zina oksaleti.

Pumba huzidisha balaa. Pumba ya ngano ina fosforasi takribani mara 10 ya kalsiamu, wakati farasi anataka kalsiamu isiyopungua fosforasi, na afadhali 2 kwa 1. Nawasihi wenye farasi waiache kabisa.

Badala yake, nunua marobota ya nyasi kavu za boma rhodes. Farasi wa kilo 400 huhitaji karibu kilo 8 za lishe kavu kwa siku. Nusu yake au zaidi iwe boma rhodes, pamoja na kilo moja au mbili za alfalfa. Badilisha polepole kwa siku 7 hadi 10, asije akapata msokoto wa tumbo.

Kisha changanya sehemu 1 ya chokaa ya mifugo (si ile ya kupaka ukuta) na sehemu 2 za DCP (unga wa madini wenye kalsiamu na fosforasi). Kila farasi apate kilo 1 kwa wiki, igawanywe kila siku na kutiwa molasi, maana ikiwa kavu huibakiza kwenye hori. Aliyekwisha kuugua apewe maradufu kwa miezi 6 hivi, chini ya uangalizi wa daktari.

Madaktari wenzangu, kalsiamu ya damu isiwadanganye: mifupa huijaza, kipimo kikaonekana sawa. Chukueni damu na mkojo wakati mmoja, mpime fosforasi na kreatinini. Fosforasi ikimwagika kwa wingi kwenye mkojo, mmepata jibu.

Chakula cha kuku au cha ng'ombe kisikaribie hori la farasi: kikiwa na monensini, dawa inayochanganywa kwenye vyakula hivyo, kiasi kidogo tu huua moyo wake. Mahindi yenye ukungu huharibu ubongo.

Shambani, zoa mavi mara mbili kwa wiki, kisha mpishe ng'ombe baada ya farasi. Atakula mafungu marefu ya nyasi yaliyoachwa, na minyoo mingi ya farasi itafia tumboni mwake.

Ukitaka kupanda boma rhodes, Ngong inafaa kuliko baridi ya Limuru. Mwaga mbegu juujuu mvua za Machi zikianza, usizifukie sana. Kabla ya kufungulia farasi, vuta shina kwa mkono. Likitoka na mizizi, subiri.