Kusafiri na fimbo za gofu: kufunga begi na kulikatia bima

Draiva ikivunjika safarini, mara nyingi huvunjikia shingoni, pale shafti (mpini) ya grafaiti inapoingia kwenye kichwa. Ndiyo fimbo ndefu kuliko zote begini, kiasi cha sentimita 115, na kichwa chake huchomoza juu ya wenzake. Begi likitupwa likaanguka kichwa chini, au likilaliwa na masanduku ya abiria wengine, pigo lote huishia kwenye shingo hiyo. Ufungaji mzuri ni ule unaohakikisha kitu kingine kinapigwa kabla yake.

Bima nayo ina mahali pake pa kuvunjikia. Madai mengi huharibika katika nyakati mbili: nyumbani kabla zipu haijafungwa, na kwenye ukumbi wa mizigo kabla hujatoka nje.

Hesabu kwanza

Andika orodha ya kila kitu na bei ya kukinunua kipya leo. Tuseme una seti hii: draiva dola 500, fairwei moja (fimbo ya mapigo marefu) 300, haibridi (kati ya fairwei na aironi) 250, aironi saba (fimbo zenye kichwa cha chuma) 1,100, weji tatu (za mapigo mafupi ya juu) 450, pata (ya kusukumia mpira shimoni) 350. Hizo ni fimbo 14, idadi ya juu inayoruhusiwa na kanuni za mchezo. Ongeza begi dola 250 na kipima umbali 300. Jumla ni dola 3,500.

Sasa tazama shirika la ndege linawajibika kwa kiasi gani. Safari za kimataifa baina ya nchi zilizoridhia Mkataba wa Montreal wa 1999, unaoweka wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uingereza na Falme za Kiarabu, zina ukomo wa SDR 1,519 kwa abiria mmoja tangu Desemba 28, 2024. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na kiasi hicho ni takriban dola 2,000. Zingatia neno abiria: ukomo huo unafunika mizigo yako yote, begi la gofu pamoja na sanduku la nguo. Vyote viwili vikipotea, hulipwi mara mbili. Na hizo dola 2,000 ni dari tu. Ndani yake utalipwa thamani ya kitu kilichotumika, baada ya kukata uchakavu.

Mkataba huohuo unakuruhusu kutangaza thamani kubwa zaidi unapokabidhi mzigo, ukalipa nyongeza kama itatakiwa. Ni haki yako, ila wahudumu wengi wa kaunta hawaifahamu. Ukiitaka, iulizie kwa barua pepe siku kadhaa kabla, na uende kiwanja cha ndege na jibu lao mkononi.

Bima ipi

Bima ya kawaida ya safari huwa na ukomo wa mizigo yote na ukomo mwingine mdogo wa kitu kimoja. Hapo ndipo wacheza gofu wanapoumia, kwa sababu mikataba mingi huhesabu seti nzima kama kitu kimoja. Ikiwa kitu kimoja kinafidiwa hadi dola 300, fimbo zako 14 zote zina thamani ya dola 300 mbele ya kampuni hiyo. Njia mbadala ni mbili: kuongeza kipengele cha gofu kwenye bima ya safari, au kukata bima ya wacheza gofu ya mwaka mzima. Hii ya pili ipo Kenya, na kwa kawaida hufunika pia dhima yako ukimpiga mtu mpira. Anayesafiri mara mbili au zaidi kwa mwaka, tunaona hii ya mwaka inamfaa zaidi.

Kabla ya kulipa, uliza haya na upate majibu kwa maandishi:

– Je, inafunika nchi ninayokwenda, na fimbo zikiwa mikononi mwa shirika la ndege?
– Fidia ni bei ya kitu kipya, au inakatwa uchakavu? Kwa asilimia ngapi kila mwaka?
– Ni kiasi gani cha hasara nabeba mwenyewe katika kila dai?
– Fimbo zikiibwa ndani ya gari je? Kampuni nyingi hazilipi kama zilikuwa zinaonekana kwenye kiti, au gari liliachwa na mzigo usiku kucha.
– Mzigo ukichelewa, mnalipia kukodi fimbo? Kuanzia saa ya ngapi, na kiasi gani kwa siku?

Usipunguze thamani ili ada ishuke. Kampuni nyingi hutumia kanuni ya uwiano: ukitangaza dola 1,750 kwa vifaa vya 3,500, umekata bima ya nusu, kwa hiyo draiva ya 500 ikivunjika utalipwa 250, na sehemu yako ya hasara bado haijatolewa humo.

Ushahidi uandae mapema. Panga fimbo zote 14 juu ya taulo, piga picha moja ya pamoja, kisha piga picha kila kichwa, kila shingo na kila namba ya kiwandani. Vichwa vya draiva huwa na namba hiyo iliyochongwa shingoni. Risiti zipige picha pia, kwa kuwa karatasi za mashine hufutika baada ya miezi michache. Zote zitume kwenye barua pepe yako mwenyewe.

Kufunga begi

Kama draiva, fairwei na haibridi zina skrubu ya kurekebisha, vua vichwa. Kwanza piga picha ya alama za shingoni, la sivyo utafika ukiwa umesahau kichwa kilikuwa kimewekwa pembe ya nyuzi ngapi. Tumia bisibisi yake maalumu, ile inayolia “tak” inapofika kiwango. Ya kawaida haina kikomo, na ukikaza kupita kiasi utaharibu meno ya skrubu. Kila kichwa kivishe kofia yake na ukitie mfuko wa pembeni kati ya nguo laini. Ncha ya shafti iliyobaki wazi ivishe soksi nene na uifunge kwa mpira. Bisibisi iende kwenye mzigo mkubwa; kwenye mkoba wa mkononi huenda ikachukuliwa ukaguzini. Fimbo nazo haziruhusiwi kupanda nawe, hata pata.

Kisha weka mlingoti, yaani fimbo ngumu inayosimama katikati ya begi ikizidi urefu wa fimbo zote. Ipo ya dukani inayorefuka na kufupika, lakini mpini wa ufagio wa mbao ngumu unafanya kazi ileile. Ukate uzidi fimbo ndefu iliyobaki kwa sentimita 5, ncha ya juu uivishe mpira wa tenisi uliotobolewa ili usichane kitambaa, na uhakikishe ya chini imekaa kwenye kitako kigumu cha begi. Pima kwanza kama zipu itafunga. Begi likianguka kichwa chini, mlingoti ndio utakaopigwa.

Pitisha taulo kati ya aironi kama anayesuka mkeka, lingine zungushia vichwa vyote, halafu funga kifungu chote kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Fimbo zisizoachana hazigongani. Mwisho tikisa begi: ukisikia chuma, fungua uanze upya.

Begi gumu au laini? Gumu linahimili kukandamizwa, lakini huwa zito na haliingii kwenye kila teksi. Laini lenye mlingoti na kitako kigumu linatosha safari nyingi. Tatizo lake liko kaunta: baadhi ya mashirika hufunga lebo ya kukana dhamana kwa begi laini na kukutaka utie sahihi. Ibara ya 26 ya Mkataba wa Montreal inabatilisha sharti lolote linalopunguza dhamana chini ya ule ukomo. Hata hivyo shirika bado linaweza kujitetea kwamba ulifunga vibaya. Piga picha ya begi likiwa wazi, mlingoti ukionekana.

Uzito hausumbui sana. Fimbo 14 ni kama kilo 6, begi la kuchezea 2 hadi 3, la safari 3 hadi 6, viatu kilo moja, na dazeni ya mipira zaidi kidogo ya nusu kilo. Uko chini ya kilo 23, kikomo cha kawaida cha mzigo mmoja. Ila usijaze nguo: mashirika mengine hulipokea begi kama vifaa vya michezo iwapo lina vifaa vya gofu peke yake, na wakifungua wakakuta mashati watakutoza kama mzigo wa ziada.

Kipima umbali na betri za akiba za lithiamu vibebe mkononi. Kifaa cha kufuatilia mzigo kiweke mfukoni ndani kabisa. Kwa Marekani tumia kufuli inayofunguliwa na TSA, wakaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege vya huko; nyingine wana ruhusa ya kuikata.

Mzigo ukifika

Usitoke ukumbini. Fungua hapo hapo kando ya mkanda. Pitisha ukucha kuzunguka shingo ya kila fimbo ya grafaiti, kwa sababu ufa mwembamba huukamata ukucha kabla jicho halijauona. Shika kichwa kwa mkono mmoja na shafti kwa mwingine, kisha jaribu kuzungusha taratibu, visicheze. Shafti za chuma zitazame kwa urefu wake kama fundi anavyokagua ubao.

Ukikuta kasoro, nenda kaunta ya mizigo ya shirika lililokufikisha, hata kama ulianza safari na jingine, na wajaze ripoti ya mzigo, maarufu kama PIR. Namba yake huwa na herufi tatu za kiwanja cha ndege, mbili za shirika, kisha tarakimu tano. Lebo ya mzigo na pasi ya kupandia vitunze.

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosa. Mbali na ripoti hiyo, lalamika kwa maandishi kwa shirika lenyewe: siku 7 tangu kupokea mzigo kwa ulioharibika, siku 21 tangu kukabidhiwa kwa uliochelewa. Ukipitisha siku hizo, huna dai. Mzigo usipofika kabisa baada ya siku 21, unahesabiwa umepotea. Kesi mahakamani nayo ifunguliwe ndani ya miaka miwili.

Kampuni ya bima iarifu siku hiyohiyo. Wakati wa wizi, ripoti ya polisi kwa kawaida hutakiwa ndani ya saa 24. Usitupe vipande. Fundi wa fimbo akuandikie chanzo cha kuvunjika na gharama ya kutengeneza, na risiti za kukodi zitunze kila siku.

Siku ya kurudi, piga picha upya kabla ya kufunga. Zile za kwenda zinathibitisha tu kwamba draiva ilitoka nyumbani ikiwa nzima. Hazisemi lolote kuhusu mashimo 18 uliyocheza jana, na uharibifu wa uwanjani mara nyingi haumo kwenye mkataba.