Polepole, taratibu, aste aste: jinsi ya kuchagua neno la mwendo

Ukipanda Kilimanjaro neno utakalolisikia mpaka likukere ni polepole. Mwongozaji anasema polepole, wagumu wanaokupita na mizigo kichwani nao polepole (wenyewe wanakimbia hao), halafu mgeni anarudi kwao akijua maana yake ni spidi ndogo basi. Hapana bana.

Ukitaka kulielewa vizuri sahau miguu kwanza. Ukimwambia mtu gonga polepole unataka asigonge kwa nguvu maana mtoto kalala, ongea polepole mara nyingi ni punguza sauti majirani wanasikia, na wale wanaoshusha friji kwenye Canter ukiwapigia kelele "polepole jamani!" hujali watatumia dakika ngapi, unaogopa lisipigwe chini. Yaani humo ndani kuna mpole na upole, na kuna ile pole ya kumpa mgonjwa, ambayo yeye anajibu nini? Nshapoa. Umeona sasa! Pole na poa ni ndugu, ila Kiswahili kina tabia ya kumeza L katikati ya neno. Wazulu wao wameiacha, wanasema phola, chai ikipoa ni phola na kidonda kikipona ni phola pia. Kwa hiyo anayetembea polepole ni mtu ambaye hajachemka, na mlimani ndo inavyotakiwa, maana kule juu mita 5,895 oksijeni unayovuta ni kama nusu ya ile ya pwani, ukichemka umeisha.

Sasa kwenye kulitumia, likiwa la mwendo lirudie, polepole. Ukimwambia mwenzako anayepanda kilima "pole" mara moja umempa pole ya kuchoka, atashukuru na ataendelea na spidi yake ileile.

Taratibu itumie pale unapotaka mambo yaende kwa mpangilio, imetoka kwenye tartib ya Kiarabu, kupanga, ndo huyohuyo utaratibu wa ofisini. Watu wakisukumana mlangoni waambie taratibu, moja moja. Aste aste ni ya kina bibi wa pwani zaidi, ilikuja na Wahindi nao waliitoa kwa Waajemi, ukiisema Mwanza watakuangalia tu.

Na haraka je? Hii ndo inanichekeshaga. Kwa Kiarabu ni kule kujongea tu, hata kobe ana haraka yake, ndo maana tuna harakati pia na zingine zinachukua miaka thelathini. Sisi tukaligeuza likawa la kukimbizana. Kwa hiyo ukiwa Uarabuni na basi linaondoka usimpigie mtu kelele haraka haraka ukategemea akimbie, labda umkute Mmuscat aliyekulia Unguja.