Usingizi ukikataa kuja na kesho kuna shule

Saa 8 usiku naijua vizuri sana. Nyumba yote imelala, bro wako mdogo amekuwekea goti mgongoni kama kawaida yake, mabati yanalia tak, tak, vile yanapoa, na wewe macho yamekutoka kodo unapiga hesabu, nikilala saa hii nitapata masaa matatu, nikilala saa 9 nitapata mawili. Nilikaa hivyo karibu terms mbili nikiwa kidato cha pili, hapa hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, na nilihangaika bure kwa sababu nilikuwa nafikiria tu usiku, usiku, usiku. Kumbe pa kuanzia ni asubuhi.

Lakini kabla ya hapo, kitu ya kumwambia mathe ama buda akikuita mvivu. Ukishabalehe, saa ya mwili inasonga. Kuna homoni inaitwa melatonini, ndio inaambia mwili giza limeingia, sasa kwa vijana inachelewa kutoka, inaweza kuchelewa hata masaa mawili kuliko vile ilikuwa ukiwa mtoto. Ndio maana saa 3 mzazi anasinzia mbele ya taarifa na wewe ndio unachangamka. Na bado kijana wa miaka 13 hadi 18 anatakiwa alale masaa 8 hadi 10. Weka hiyo kando ya basi ya shule inayopita saa 11 na nusu alfajiri uone kama hesabu inaingiana. Haiingiani, na si wewe umeharibika.

Sasa asubuhi. Chagua saa moja ya kuamka uishike, hata Jumamosi, hata kama usiku umelala vibaya. Wikendi ukizidisha lisaa limoja sawa, lakini ukilala Jumapili mpaka saa 6 mchana halafu ushangae usingizi umeenda wapi usiku, ni wewe umejiletea. Ukishaamka tafuta mwanga wa nje. Hapa Nairobi tuko karibu na ikweta kwa hivyo jua linatoka karibu saa 12 na nusu mwaka mzima, halichezi sana, na huo mwanga ndio unarudisha saa ya mwili nyuma. Wikendi tumwa maziwa dukani ama panda juu kwa ruufu uanike nguo. Kama unaenda shule bado giza, simama nje wakati wa breki badala ya kujibanza darasani. Najua inaonekana kitu kidogo, mimi pia niliidharau.

Chai nayo. Hapa nitagombana na watu. Kafeini huchukua kama masaa 5 ama 6 ndio nusu yake itoke mwilini, kwa hivyo ile kikombe kubwa ya saa 11 jioni na mkate, saa 5 usiku nusu bado inazunguka ndani yako. Na strungi pia ni chai, majani ni yale yale, kutoa maziwa hakukusaidii. Zile soda za nguvu za kopo ni mbaya zaidi. Muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, sitaki hata kuisikia, ni kichangamshi kabisa, mtu anatafuna "asome" halafu wiki nzima hajui usiku ni upi. Jioni kunywa uji ama maji ya moto, basi.

Simu. Watu husema ni mwanga wa skrini, na kweli mwanga unachangia, lakini kwangu shida kubwa ilikuwa yale yaliyomo. Bando ya usiku ni bei rahisi, unajiambia video moja, unasoma gumzo la darasa, mtu ameandika kitu kukuhusu, moyo unaanza kudunda, sasa hapo utalalaje? Niliiweka chini ya mto nikidanganya kwamba ni alamu tu. Dawa iliyonisaidia ni chaja kukaa sebuleni, kando ya TV, na kasaa kadogo ka betri ndio kananiamsha. Kama nyinyi ni wa chumba kimoja, weka simu mahali lazima usimame ndio uifikie, juu ya kabati hivi.

Halafu kitanda. Usingizi ukikataa, usibaki hapo ukijigeuzageuza. Ukihisi kama dakika 20 zimeisha (kadiria tu, usiangalie saa, kuangalia saa ndio sumu), toka. Kaa mahali pengine na mwanga hafifu ufanye kitu cha kuchosha, urudi tu ukisinzia, na kama usingizi umekataa tena, toka tena. Mimi nilikuwa nakaa juu ya jerikeni jikoni napanga soksi za nyumba nzima kwa mwanga unaoingia kutoka koridoni, natafuta pacha ya kila moja, zote nyeupe lakini ni ngumu kupata mbili zinazofanana, na kufika jozi ya sita ama saba kichwa kinaanza kuanguka. Ukikaa kitandani ukihangaika kila siku, mwili unazoea kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaika. Kwa hivyo homuwaka pia zitoe hapo, na kama huna meza kaa chini kwa mkeka uegemee kitanda.

Mawazo ya fii na mtihani yaandike jioni mapema kwa karatasi, na kando ya kila moja utakachofanya kesho. Mchana ukizidiwa lala dakika 20, isipite saa 9. Kelele ya klabu ama kesha ya jirani hutaiweza, nunua vizibo vya masikio kwa chemisti. Na mbu, jameni, rekebisheni neti, usingizi wa mang'amung'amu mwingine ni mbu tu.

Usimeze Piriton, ile dawa ya mafua na aleji, ndio ulale. Sio dawa ya hii shida, mwili unaizoea haraka, na asubuhi unaamka kichwa kizito kama gunia la maji.

Kama imekuwa usiku 3 ama zaidi kwa wiki na miezi 3 inaisha, nenda kliniki uulize tiba ya mazungumzo ya kukosa usingizi. Nenda mapema kama unakoroma hadi pumzi inakata, ama miguu inawasha na kukuvuta uichezeshe ukilala, hiyo wakati mwingine ni upungufu wa madini ya chuma na inapimwa damu. Na kama kinachokukesha ni huzuni, ama unafikiria ni afadhali usingekuwa, usingoje hata wiki, ambia mtu mzima unayemwamini ama piga 116, Childline Kenya, ni bure na wako usiku kucha.

Wiki ya kwanza utachoka vibaya, mimi nilisinzia kwa matatu nikapitishwa steji mbili, nikarudi kwa miguu. Usiachie hapo. Kama siku ya kumi na mbili hivi niliamshwa na goti la bro mdogo, nikatafuta kale kasaa gizani nikidhani ni saa 8, nikakuta ni saa 11 kasoro na sijui nililala saa ngapi.