SOMO: Kusakinisha programu Ubuntu bila kukaa ukibonyeza Enta

Swali hili (nisakinisheje bila kukaa nikijibu maswali?) linarudi kila wiki, na karibu kila mara anayeuliza ana maabara ya shule hapa Arusha, kompyuta kumi na kitu. Naandika mara moja, tuelekezane hapa.

1. `sudo apt-get update`. (apt ndiyo kisakinishi cha programu cha Ubuntu; hii inasasisha orodha yake.)

2. Weka `-y` kwenye `apt-get install`. Inajibu swali moja tu la apt: niendelee?

3. Masanduku ya bluu yanayotokea ukisakinisha (mf. tzdata ya saa za eneo, postfix ya barua pepe) ni ya debconf, chombo kinachouliza maswali ya mipangilio ya programu. Yanyamazishe:
`sudo DEBIAN_FRONTEND=noninteractive apt-get -y install postfix`
DEBIAN_FRONTEND ikae baada ya sudo. Ukiweka `export` juu ya skripti, sudo kwa kawaida huitupa njiani.

4. Kunyamazisha si kujibu. Debconf itachukua jibu lake la msingi. Ukitaka lako, litangulize kabla ya kusakinisha (mfano huu ni wa iptables-persistent, inayohifadhi kanuni za firewall):
`echo "iptables-persistent iptables-persistent/autosave_v4 boolean true" | sudo debconf-set-selections`
Kati ya `boolean` na `true` ni nafasi MOJA. Ikizidi, inahesabiwa kuwa sehemu ya jibu. Kupata majina ya maswali, sakinisha kompyuta moja kwa mkono, kisha `sudo debconf-show iptables-persistent`.

5. Hapa ndipo seva zinapolala. Kama umehariri faili la mipangilio ndani ya /etc na toleo jipya limekuja na lake, anayeuliza ni dpkg (anayefungua na kuweka vifurushi chini ya apt), si debconf. Hatua ya 3 haimgusi kabisa. Ukiendesha kwa cron (kazi zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba) hakuna wa kumjibu, anakufa na "end of file on stdin at conffile prompt", na kifurushi kinabaki nusu. Ongeza kwenye amri ya apt-get:
`-o Dpkg::Options::=--force-confdef -o Dpkg::Options::=--force-confold`
Faili lako linabaki, jipya linawekwa pembeni likiishia na .dpkg-dist. Usiweke `--force-confnew` (inayoweka faili jipya mahali pa lako) kwenye seva inayofanya kazi! Ikishakwama: `sudo dpkg --force-confdef --force-confold --configure -a`.

MASWALI

Kijana wa Sakina: Mkuu nimeweka -y bado inauliza. Haifanyi kazi hii.
Jibu: Soma namba 2, kisha 3.

Kijana wa Sakina: Nimesoma. Si bora `yes |` tu?
Jibu: Hapana. Sanduku la bluu linataka mishale na Enta, si herufi y. Na kwa dpkg, y maana yake "weka faili jipya". Mipangilio yako imekwenda.

Mama Moshi: Habari za kazi kaka. Ubuntu 22.04 inaniuliza huduma zipi ziwashwe upya. Nayo ni debconf?
Jibu: Salama dada, umeuliza vizuri. Hiyo ni needrestart, inayokagua huduma zinazohitaji kuwashwa upya baada ya kusakinisha. Andika `NEEDRESTART_MODE=a` kando ya DEBIAN_FRONTEND, itaziwasha yenyewe. Seva ikiwa na watu ndani weka `l`: itaorodhesha tu, uwashe usiku.

Mwalimu wa Kompyuta: Mashine 20 zinashusha kitu kilekile, bando linakatika katikati.
Jibu: Mwalimu, sakinisha apt-cacher-ng kwenye mashine moja. Zilizobaki, ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/01proxy:
`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`
Badilisha anwani iwe ya mashine hiyo. Kifurushi kinashuka mara moja, wengine wanakichota humo ndani. Nayo ina sanduku lake la bluu, ipitishe kwa namba 3.